Kinu cha Mama

Juzi niliona mume na mke wakipiga picha mlimani, ziwa likiwaka nyuma yao, nikaikumbuka safari yetu.

Papa aliazima kamioneti, gari dogo la mizigo, akatutoa Bunia, mama kati yetu, kinu chake nyuma kikigongagonga. Nilidhani tutatwanga majani ya sombe ufukoni mwa ziwa. Harufu ya mazutu ya gari na vumbi ilitujaa puani. Kule Kilo papa alisimama atuonyeshe nyumba za zamani za machimbo ya dhahabu. Kila mlima tulioupanda, alisimama tena.

"Tuangalie ziwa kidogo," alisema.

"Tumeshaangalia," mama alijibu kwa uchovu. "Twende tu."

Mimi nilifurahi kwamba papa hakuwa na haraka.

Tulifika Mahagi, kwa wazazi wa mama. Wakubwa walizungumza ndani kwa sauti ya chini, kisha papa akatoka peke yake, akanipandisha garini.

"Papa, tunasahau kinu ya mama!" nilipiga kelele.

"Kinu iko fasi yake," alisema, akawasha gari.

Leo najua kwamba mwanamke anayesafiri na kinu chake anarudishwa kwao. Siku ile nilikililia kinu. Na tukirudi Bunia, papa hakusimama popote.