Turubai ni la Kuanikia Mpunga

Habari ilinikuta uwanjani Kilangali, nikiwa peku juu ya turubai, nageuza mpunga kwa miguu kama tunavyofanya jua linapokuwa kali. Simu ikaita. Aliyepiga ni dada wa rafiki yangu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mtani wako ametuacha asubuhi hii," kisha akakata simu, nami nikaendelea kugeuza mpunga mpaka mwisho wa turubai kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya na miguu yangu. Alikuwa ameugua siku nne tu. Tulimzika Jumatatu, huko milimani kwao. Wageni ambao alihangaika miezi mingi kutuletea, wale wa kampuni inayotia mtaji kwenye biashara changa, walikuwa waje Alhamisi ya juma lile lile.

Msibani niliyasikia ambayo nilijua nitayasikia. Nilikuwa naosha vyombo na akina mama, na nyuma yetu wanaume wawili wamekaa kwenye benchi la kanisa. "Miaka kumi na miwili nje," mmoja akasema, "karudi na mabegi mawili ya vitabu, ghorofa hata moja hana." Mwenzake akauliza huko nje alikuwa anafanya kazi gani hasa. "Anagawa mitaji ya watu kwa watu." "Na yeye mwenyewe akajisahau?" Wakacheka kwa chini. Mimi sikusema kwa chini. Kwa mila zetu mtani ana ruhusa yake msibani, anasema ambayo ndugu hawezi, basi nikainuka na sufuria mkononi nikawauliza, "Hayo maghorofa yenu ninyi, lipi limewahi kukoboa mpunga?" Na jeneza liliposhushwa nilipiga kelele, "Amka wewe mvivu, wageni wanakuja Alhamisi!" Watu wakacheka huku wanalia, na mama yake akanishika mkono akaung'ang'ania mpaka udongo ukaisha.

Wasomaji wangu mnaoijua barabara ya Kilosa kwenda Mikumi mnajua kwamba upande huu tuna kata inayoitwa Ulaya. Siku niliyomwona mtani wangu mara ya kwanza, kwenye kibanda cha chai pale Mikumi ambako huwa napeleka mchele kwa wenye hoteli, mama muuza chai alikuwa anamhoji. "Umesema ulikuwa nje. Ulaya?" Akajibu, "Hapana mama. Accra, halafu Nairobi." Mama akaweka birika chini. "Sasa hapo nje ni wapi? Si Waafrika wenzetu hao? Huyu dada anapita Ulaya na magunia yake kila wiki, hajawahi kutuambia katoka nje." Mgeni huyo alicheka mpaka chai ikamwagikia shati. Tukaulizana kwetu ni wapi, tukakuta makabila yetu ni watani, na tangu hapo hakuniita tena kwa jina. Aliniita Profesa wa Darasa la Sita, kwa kuwa shule niliiachia hapo. Mimi nilimwita Mzungu wa Accra.

Kikundi chetu kina watu kumi na wawili. Tunalima mpunga, tunaukoboa, na tuna mashine moja ya kupanga madaraja, inayotenga mchele mzima na chenga. Tuliinunua kuukuu baada ya misimu minne ya kujinyima, na tukiiwasha majirani wanajua. Mwaka jana Mzungu wa Accra alituambia kuna kampuni inatafuta biashara za kilimo za kutia mtaji, na kwamba itakuja kututazama. Yeye mwenyewe angebaki Mikumi, asionekane anatusemea. Tukaitisha kikao. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza tutawaonyesha nini. Tuliulizana tufiche nini. Sisi tumezoea wageni wa aina moja, wafadhili, na tumejifunza kwamba mfadhili akikuta una kitu anakwenda kwa asiye nacho. Basi mashine tukaifunika turubai, tukaipangia magunia ya pumba mbele, akina mama tukavaa kanga zilizochakaa, na mzee wetu mmoja akavua viatu akavificha ndani ya debe. Kamba za lile turubai nilizifunga mimi, kwa mikono yangu hii.

Wageni walikuja, wakatukuta tumekaa chini. Wakauliza tuna nini. Tukasema hatuna kitu, tunaomba mtusaidie. Waliandika kidogo, wakashukuru sana, wakaondoka. Walipopita Mikumi wakamwambia mtani wangu kwa upole kwamba wale watu wanahitaji msaada, hawahitaji mtaji. Saa tisa alasiri akatufikia na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa. "Mashine iko wapi?"

"Tumeifunika," nikasema.

"Mvua?"

"Hapana. Wageni."

Akaliendea rundo la pumba, akavuta gunia moja, akaona turubai, akakaa juu ya gunia. "Profesa, mchumba kaja na wazee wake, ninyi mmemficha mwali jikoni mkamtolea bibi yake mgonjwa!" Mzee wa viatu akajitetea: "Tulijua wakiona tunacho watatunyima." Naye akamjibu kwa heshima, maana kwao milimani walilelewa hivyo, "Mzee wangu, hawa hawakuja kutoa, wamekuja kushirikiana. Wewe ungeshirikiana kulima na mtu asiye na jembe?" Mzee akatazama miguu yake. "Basi ngoja nikavae viatu," akasema. Tulicheka wote, lakini wageni walikuwa wamekwenda. Ilimchukua miezi mingi kuwashawishi waje tena, Alhamisi ile ya msiba.

Baadaye, kidogo kidogo, katika safari za kupeleka mchele, alinieleza aliyojifunza huko. Hakuyasema kama mtu anayefundisha. Alisema kama mtu anayeungama. Accra, ofisi yao ilipata kumkubali kijana mmoja aliyekuwa na chumba cha vioo, meza inayong'aa na maneno matamu kuhusu biashara ambayo bado ilikuwa kwenye karatasi. Aliyesaini kwamba anafaa ni mtani wangu mwenyewe. Msimu haukuisha, mlango ukafungwa. "Tuliipenda meza," alisema. Nairobi, alipelekwa kumwona mama mmoja aliyekuwa anatengeneza maziwa mgando. Wakubwa wake walitaka kumtia mtaji kwa sharti kwamba abadilishe namna yake ya kugandisha, ili iende haraka. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia hapana, akarudi kuosha makopo yake. Ofisini walimcheka wiki nzima. Mtani wangu hakucheka. Alisema pale ndipo alipoanza kuona kwamba alikuwa ametumia miaka yake kuwatazama watu kwa macho ya walio mbali, watu ambao hawajawahi kunusa biashara wanayoiamulia. Akafunga mabegi yake. Ndiyo yale mabegi mawili waliyokuwa wanayacheka pale benchini.

Siku aliyonisimulia habari ya yule mama, na mimi nilimwambia langu, ambalo hata ninyi sikuwahi kuwaandikia. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyuma yangu wadogo watatu. Walikuja watu na kamera, wana nia njema, wana magunia ya unga. Wadogo zangu walikuwa wamevaa mashati ya sikukuu, niliyoyafua mwenyewe na kuyapiga pasi ya mkaa kwa ajili ya wageni. Yule wa kamera akaomba wayavue, wabaki na vya kushindia, picha ieleweke. Nikasema hawavui. Shangazi akanifinya, akaninong'oneza, "Utawalisha mashati?" Nikasema tena hawavui. Tulipata nusu tu ya unga waliopewa wengine, na shule niliacha ili nusu nyingine niitafute shambani. Sijawahi kujuta. Mtani wangu akaniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: "Sasa mtoto aliyekataa kuwavua wadogo zake mashati, aliivisha mashine matambara kwa nini?" Jibu ninalo leo. Mtu hujifunza kujishusha polepole, kikao kimoja baada ya kingine, mpaka siku moja unakuta kamba umezishika wewe.

Na si Kilangali tu. Tunawafundisha watoto kuandika barua za kuomba kabla ya barua za kuuza. Kiongozi akija kijijini tunamsomea risala ya shida, kuanzia zahanati mpaka daraja, na hakuna mstari hata mmoja wa tunachokiweza. Tumekuwa mafundi wa kueleza shimo letu lilivyo na kina. Sikatai, shida zipo, nimezilalia. Lakini mwenye mtaji, awe wa Accra au wa Ulaya hii yetu ya njiani, hawezi kuwa mbia wa shimo.

Sasa rudini nami kwenye msiba. Jumanne, kabla hatujateremka kutoka milimani, kikundi kilikaa chini ya paa la jiko la msiba kuamua juu ya Alhamisi. Mwenzetu mmoja, mama mwema ambaye nimelima naye miaka mingi, akasema, "Dada, Mungu huleta njia. Tuwaambie mtani wako aliyetuongoza amefariki, tumebaki yatima. Watatuhurumia, hawatatuacha mikono mitupu." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hata mzee wa viatu. Nami nikaona jambo lile linatokea tena mbele yangu, safari hii turubai ni jeneza la rafiki yangu. Nikasema, "Mimi ni yatima tangu nina miaka kumi na mitatu. Neno hilo sijawahi kuliuza, na hili kaburi bichi halitauzwa." Mwenzetu akakasirika. "Na wakikataa? Utatulisha kiburi?" Ni sauti ya shangazi ile ile, baada ya miaka yote hii. Nikamjibu, "Wakikataa tutakula mchele. Tunao." Hakuna aliyecheka. Tuliteremka mlima, wao mbele, mimi nyuma.

Jumatano nilifika bandani peke yangu, nikafungua kamba, nikalitoa turubai tulilofunikia mashine, vumbi lisiingie, tulipokwenda msibani. Nilipoanza kuifuta mashine nikasikia hatua. Ni yule mama, na kitambaa chake mkononi. Akashika upande wa pili. Mzee akaja na viatu vimepakwa dawa, akatuamkua kwa utani, "Shikamooni wenye kiburi," tukaitikia, "Marahaba!" na ndipo kicheko kikarudi.

Alhamisi wageni walikuja. Niliwaambia rafiki aliyewaleta amefariki, kwa sentensi moja, kisha nikawasha mashine. Niliwaonyesha mchele mzima, nikawaonyesha na chenga, na nikawaonyesha mkanda unaokatika kila mara, kwa kuwa meza ya kung'aa nayo ni turubai la aina nyingine. Waliuliza maswali saa nzima. Mwishoni yule mkubwa wao akasema wamependa, ila mashine ihamishiwe Morogoro mjini, sisi tubaki kuleta mpunga. Nilihisi wenzangu kumi na mmoja wananitazama mgongoni. Kabla sijafungua kinywa, yule mama aliyetaka tulie uyatima akasema, "Hapana, baba. Mwali wetu haolewi mbali. Atakayemtaka atakuja kukaa kwetu." Wageni walitazamana. Wakasema watakwenda kufikiri.

Ninapoandika haya hawajajibu. Huenda wasijibu, na sitawadanganya kwamba mkanda wa mashine umejiunga wenyewe kwa sababu tulisema kweli. Lakini ukiniuliza mtani wangu alileta nini kutoka nje, sitakuonyesha mabegi. Nitakuonyesha watu kumi na wawili waliosimama kwa miguu yao mbele ya wageni, wamevaa viatu, na mashine yao iko wazi katikati ya banda. Usimwonyeshe mtu umaskini wako ili akuthamini. Mwonyeshe kazi yako, na usiogope kumwacha aondoke. Asubuhi hii jua ni kali. Turubai liko uwanjani, limetandazwa, limejaa mpunga. Ndiyo kazi yake.