Kifupisho Kilichohamisha Shamba la Ghati

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hunyanyuka nilipokaa, kama mtu aliyeketi juu ya siafu. Nitakusimulia, lakini kwanza ujue nani kanichokoza.

Hapa kwangu Morotonga nimempangisha chumba binti mmoja, Upendo, ofisa wa serikali aliyeletwa kutoka Njombe. Binti mzuri, shikamoo yake haikosi. Ila wiki nzima hii anazunguka na kompyuta yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anatafuta programu ya vifupisho: unaandika herufi mbili tatu, mashine inakumalizia maneno yote. Zipo tatu, anasema. Moja ya kulipia kila mwezi, moja ya bure, na moja inayofanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta vilevile. Kila jioni ananiletea sifa mpya za hii na kasoro mpya za ile. Akina mama wa kikundi cha Machochwe wanangoja barua yao, yeye anapima ipi itamwokolea dakika! Nikamwambia, mchagua jembe si mkulima. Akacheka.

"Mama, haya mambo ya kompyuta huyajui."

Siyajui! Mimi niliyeanza kutumia vifupisho yeye akiwa bado ananyonya!

Nilikuwa karani wa baraza la kata huko Tarime, kata ambayo jina lake naliacha kwa heshima ya waliobaki. Nilikuwa na miaka thelathini hivi, kijana kabisa mbele ya wazee wale. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, na mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuiwasha bila kusali kwanza. Jambo hilo lilinipa kiburi, mwanangu, sikufichi.

Fundi mmoja wa Sirari akaniwekea programu mbili za vifupisho nijaribu, nibaki na moja. Ya kwanza ilikuwa inasubiri. Ukiandika kifupisho, haifanyi kitu mpaka ubonyeze kitufe cha nafasi, ndipo ilete neno zima. Ya pili haikusubiri mtu. Herufi zikishatimia tu, neno hilo hapo limejaa kwenye kioo. Fundi alinishauri nichukue ya kwanza. Nikaona ananichelewesha. Nikaifuta ile inayosubiri, nikabaki na ile yenye mbio, nikajiona nimechagua kama mjuzi.

Basi nikaipa "mlk" iwe "mlalamikaji", maana neno hilo tuliliandika mara ishirini kwa siku. Ikafanya kazi vizuri sana. Wazee wakija kuniangalia nikawa naandika kwa madaha, kama mpiga zeze harusini.

Ikaja kesi ya Ghati. Ghati alikuwa mjane, ana shamba la migomba aliloachiwa na marehemu mumewe. Shemeji yake, Mwita, akaja barazani kulalamika kwamba shamba ni la ukoo, mjane atoke. Kwa hiyo Mwita ndiye alikuwa mlalamikaji, na Ghati mlalamikiwa. Wazee walisikiliza mashahidi siku nzima. Mwenyekiti wetu, mzee Matiko, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba, akatamka uamuzi mbele ya watu wote: shamba ni mali ya mlalamikiwa. Ni la Ghati. Mwita akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi nikakaa kuuandika uamuzi ule. Nikaona "mlalamikiwa" nalo neno refu, kwa nini niteseke? Nikaongeza kifupisho kingine, "mlkw". Umeshaona, mwanangu? Mimi sikuona. Ile programu isiyosubiri, mimi nikigusa "m", "l" na "k" tu, yenyewe inaruka na kuandika "mlalamikaji" kabla sijafika kwenye "w". Ile "w" inabaki inaning'inia mwishoni mwa neno. Niliiona! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Niliiona mara tatu nne, nikasema kidole kimeteleza, nikaifuta, nikasonga mbele. Sikusoma neno lenyewe. Nikachapa, Tata Matiko akatia sahihi kwa sababu ananiamini, nikapiga muhuri. Kila upande ukapelekewa nakala yake.

Siku ya nne Ghati akaingia ofisini, miguu imejaa udongo hadi magotini. Hakuketi. Akaweka karatasi juu ya meza yangu, akaigusa kwa kidole.

"Dada, mimi siku ile nilikuwepo barazani. Nilisikia kwa masikio yangu. Karatasi hii yenyewe ilisikia nini?"

Nikasoma. Shamba ni mali ya mlalamikaji. Mlalamikaji anakabidhiwa shamba. Mlalamikiwa hakuwepo popote! Mwita alikuwa ameingia asubuhi ile na maksai wake na panga, amekata migomba ya upande mzima wa bondeni, mingine ikiwa na mikungu, na ameshaanza kulima apande mahindi. Ghati alipomzuia, alimwonyesha muhuri wetu.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ni kompyuta." Aibu gani hiyo! Mwanamke amekatiwa chakula chake, mimi namsingizia chuma.

Tata Matiko alikuwa amesimama mlangoni. Mzee yule hakuwahi kugusa kibodi maisha yake yote. Aliniuliza jambo moja tu, ile mashine ilifanyaje hata ikaandika vile. Nikamweleza habari ya programu mbili, ile inayosubiri na ile isiyosubiri.

"Na wewe ukaacha inayosubiri?"

"Ndiyo, Tata."

"Maksai asiyesubiri neno la mkulima, sisi humfungua nira. Wewe umemkabidhi muhuri wa baraza." Halafu akaniambia nichukue viatu vya kutembelea.

Tulikwenda kwa miguu mpaka shambani, yeye, Ghati na mimi. Mwita alikuwa bado analima. Tata akamsimamisha, majirani wakasogea. Mwita akaanza, "Mimi nimefuata karatasi. Mimi ni nani hata nibishane na muhuri?"

"Mura, kijana wewe, ulikuwepo," Tata akamjibu. "Ulisikia nilichosema. Karatasi ilikosea, wewe hukukosea. Ulifanya kusudi." Akanigeukia. "Na huyu hapa ana la kusema."

Nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, sikusoma nilichoandika. Nilitamani ardhi inimeze. Mwita akaamriwa kutoa machipukizi ya migomba shambani kwake na kuyapanda, nami nikaungana naye Jumamosi tatu, tukichimba mashimo. Karatasi sahihi niliiandika upya, neno kwa neno, kwa herufi zake zote. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka ule Ghati, mwenye shamba la migomba, alinunua ndizi gulioni Nyamwaga kama mtu asiye na kwao. Salamu yangu aliitikia siku zote, ila hakuniita dada tena.

Sasa wewe Upendo, najua umesikia yote ukiwa hapo chumbani mwako, sikwambii uandike kwa mkono. Sijachanganyikiwa. Vifupisho ni msaada mkubwa, na mimi niliendelea kuvitumia mpaka nikastaafu, ila kwa ile programu inayosubiri. Nawe chagua inayokungoja wewe useme ndiyo. Chagua leo, usimalize mwezi unachagua, maana tofauti nyingine zote hizo unazonisomea jioni ni mapambo. Usikubali kifupisho kimoja kiwe mwanzo wa kingine, kama "mlk" na "mlkw" zangu za kijinga. Neno la siri usiipe kabisa programu ambayo hujui mwenyewe wake anaishi wapi. Jina la mtu, haki ya mtu, kiasi cha dawa ya mtu, hayo andika kwa urefu wake, vidole viume kidogo, havitakufa. Ukiona kiherufi kimening'inia pasipo pake, usikifute kabla hujajua kimetoka wapi. Na kabla ya muhuri, soma. Soma kwa sauti kama hakuna anayekucheka, na kama yupo, soma vilevile.

Nenda kaandike barua ya akina mama wale, tafadhali, wamengoja vya kutosha. Mungu akupe vidole vyepesi na macho yasiyo na haraka, kazi ya mikono yako isimtoe mtu machozi, na kila penye jina lako pawe mahali watu wanapopaamini. Amina.