Kizingiti Cheupe cha Annis Pilling

Mnanisumbua niandike habari za Hetty, mimi niliyeacha shule na miaka kumi na miwili nikaingizwa kiwandani. Haya, someni hivyo hivyo, na asinisahihishe mtu.

Hetty Grimshaw alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba, akikaa Mtaa wa Alma, mlango wake ukitazamana na wa Annis Pilling. Kiwandani pia mashine zao zilikuwa jirani, na kwa kelele zile walizoea kuzungumza kwa midomo tu, bila sauti. Ikaja Jumatatu moja ya kufua. Gari la makaa likapita kichochoroni tulikoanika, Annis akainua kamba za nguo za watu wote zisiguswe, ya Hetty akaisahau. Shuka zikatoka nyeusi. Hetty akanuna miaka kumi na mmoja. Kiwanda kikafungwa, yeye bado kanuna.

Ndipo Annis akaanguka, akaumia nyonga. Mwanawe Wilfred akatuma habari kwamba Ijumaa anakuja, na kama mama hajiwezi, atampeleka nyumba ya wazee. Sasa, kwetu nyumba husomwa kizingitini: kikiwa kichafu, watu husema mwenyewe hajiwezi. Kila Ijumaa mwanamke hukisugua, kisha hukitia ukingo wa rangi, kila mmoja na yake, kwa lile jiwe laini la kupakia tunalopewa na mzee anayepita kukusanya matambara. Cha Annis kilikuwa na matope ya wiki mbili.

Ijumaa ile Hetty alikitazama tangu chai ya asubuhi. Akajiambia hayamhusu. Akajiambia tena. Mara akajikuta kapiga magoti ng'ambo ya barabara, ndoo kando, akisugua kwa hasira kana kwamba kizingiti ndicho kilichosahau shuka zake.

Hajainuka, Wilfred huyo.

"Ukingo mweupe," alisema. "Mama hupaka njano tangu nizaliwe. Basi kweli hajiwezi."

Hetty kwake hupaka nyeupe. Mazoea ya mkono wake yamemponza mwenzake.

"Nimesugua mimi," alisema, "na Ijumaa ijayo nitasugua mimi. Mama yako akiugua, makamasi yako alikuwa anafuta nani? Mtu mwenye jirani hajiwezi vipi?"

"Lakini shangazi, nyie si hamsemezani?"

"Kusemezana na kusugua ni kazi mbili."

Wilfred akacheka bila kupenda, akaingia kuchemsha maji. Hetty alipoinama kuokota ndoo, akaona kitu kinacheza dirisha la juu. Ni midomo ya Annis nyuma ya kioo, kama zamani kule kwenye mashine: Umekosea rangi, mkaidi wewe. Panda tunywe chai.

Akapanda. Jioni Wilfred alishika basi peke yake.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyenisumbua, mwenye magoti mazima: kesho Ijumaa, na wale wawili hawainami tena, wala mimi. Ndoo iko nyuma ya mlango wangu. Nyeupe kwa Hetty, njano kwa Annis, na usinikosee.