Kwikwi ya Papa Mbele ya Bendera

Jumamosi ile Papa, baba yangu, alikula bugali baridi mbio mbio, kwa sababu siku ya Salongo kuchelewa kulikuwa kosa. Salongo ilikuwa kazi ya bure ya kusafisha mitaro na njia za mtaa, na kabla ya kushika majembe tulisimama wote kimya mbele ya bendera. Tulipanda mlima wa Kadutu tukihema. Bendera ilipoanza kupandishwa, kwikwi ikamshika Papa.

Ya kwanza watu walijifanya hawakusikia. Kisha mama mmoja akaficha uso ndani ya kitambaa chake, na iliyofuata ikachekesha safu yetu nzima.

Kijana wa chama tawala aliyekuwa anatusimamia akamshika Papa mkono, akampeleka kwa shefu wa mtaa. Kijana alisema sitwayeni huyu, raia mzima, ameidharau bendera, afungwe, alale kasho ya mtaa mpaka Jumatatu. Na kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa. Nani angemwingiza kanisani? Maman akanisukuma niwafuate, nikaseme ukweli.

Mimi ni mtu wa haya. Njiani niliyapanga maneno vizuri, lakini shefu aliponiuliza nimeona nini, kinywa kilikataa kufunguka. Kijana akasema munaona, hata mutoto wake hana la kumutetea.

"Umuache," shefu akasema. "Haya imemushika, si yeye."

Halafu akawa kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe. Akamgeukia Papa, akamwamuru aache kwikwi. Papa akafunga kinywa, mashavu yakavimba, ikatokea puani. Kijana akasema huyu muzee anakataa amri. Shefu akapiga meza kwa ngumi, Papa akaruka, na kwikwi ikakatika. Tukangojea. Haikurudi.

"Sasa lete ingine," shefu akasema.

Papa alijaribu kweli. Alitoa sauti ya mbuzi aliyekabwa na kamba, hata kijana wa chama akageukia ukuta acheke.

"Nimemuambia aache, ameshindwa. Nimemuambia afanye, ameshindwa. Hii kitu si yeye anaifanya. Nitamufunga juu ya nini?" Kisha akamnyooshea Papa kidole. "Lakini bugali, Papa, ulikula wewe mwenyewe. Siku ingine utafune polepole."

Tukarudi kwenye mitaro. Papa alichimba kwa furaha hata majirani wakamwambia awaachie matope kidogo.

Jumapili aliingia kanisani na dada yangu mkononi, bila kula kitu, kwa kuogopa kwikwi. Kwenye karamu wageni walitaka niwaambie maharusi neno. Nikasimama. Kinywa kikakataa tena, watu wakaanza kunitazama.

"Mumuache," Papa akasema kutoka mezani, "imemushika."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Maman akanipa sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nikaketi karibu na Papa. Tulikula polepole, sisi wawili, mpaka wengine wote wakamaliza.