Simu yangu ilizungushwa kwenye kikao cha mahari, ikatoa siri ya mgonjwa wangu

Admin, posti hii bila jina na kituo changu usikitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, muuguzi, nakaa Bweri hapa Musoma na wanangu wawili. Kazi yangu iko kwenye zahanati moja njia ya Kiabakari, upande wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtakaonitukana, tukaneni tu, mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Kishikwambi cha kituo kiliharibika zamani, wote tukawa tunatumia simu zetu. Mimi nilikuwaga napiga picha kurasa za rejista, jioni nikiwa nyumbani nawapigia waliopitiliza tarehe ya dawa. Mganga mfawidhi alitusisitiza, "Picha za wagonjwa zisilale kwenye simu. Ukimaliza, futa." Naitikia kwa kichwa, halafu naahirisha. Nilijiambia simu ni yangu, nani ataishika.

Mdogo wangu wa kiume akapata mchumba Bunda. Ng'ombe za mahari ziko kwa baba, Butiama, na wakwe walitaka kuziona kabla ya kuzikubali. Baba akanituma nikazipige picha maana simu yangu ndiyo yenye kamera nzuri. Nikaingia zizini, nikapiga mmoja mmoja, mbele na ubavuni. Siku ya kikao nikaiondoa na namba ya siri ya simu, isije ikajifunga mikononi mwa wazee ikawa usumbufu. Simu ikazunguka. Mzee mmoja akacheka, "Huyu mmemnywesha maji kwanza ndio mkampiga picha."

Ikafika kwa shangazi wa huyo mchumba. Nikamwona anaskroli, ng'ombe zikaisha, yeye anaendelea. Akasimama kwenye picha moja. Akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Nilijua palepale anasoma nini. Ningeweza kuinuka nikaichukua, ila mtoto wa kike kumpokonya mkwe simu mbele ya wazee, mahari haijakubaliwa, niliona nitamwaibisha baba. Nikakaa. Akanirudishia simu.

Kwenye ule ukurasa wa rejista kulikuwa na jina la mama mmoja, nimwite Mama Pili, muuza dagaa wa soko la Bunda. Alikuwa anapanda gari mpaka kwetu makusudi, anaviacha vituo vya karibu asionekane na watu wa kwao. Shangazi naye anauza vitenge soko hilohilo. Tarehe yake ya dawa ilipofika, Mama Pili hakutokea.

Nilimpigia, akakata. Nikamfuata kwake. Nikakuta dagaa wamejaa kwenye magunia, wateja wamemhama. Akalia, "Sista, mimi nilimficha hata mwanangu. Sasa sokoni wananinyooshea vidole. Pale kituoni nakuamini wewe peke yako." Akasema amemjua aliyetoa siri yake, ni binti wa usafi wa kituo chetu, kwa sababu na yeye kwao ni Bunda. "Mkimwondoa yule, nitarudi kumeza dawa. Akiwepo, siji." Nikamshika mkono nikamwambia, "Nimekusikia, mama." Hivyo tu. Naona aibu hata kuandika hapa.

Kumbe alishampigia na mganga mfawidhi kulalamika. Binti ameambiwa akae nyumbani wakati wanachunguza. Jana alinipigia, "Dada, wewe unanijua, naomba unisemee." Nikamjibu nitaona. Picha za rejista nimezifuta zote, baada ya madhara. Za ng'ombe bado zipo, na mahari ilikubaliwa, nyumbani wanashangilia na mimi nashangilia nao.

Nikisema ukweli, naogopa Mama Pili atanikimbia na dawa ataziacha kabisa, na afya yake ilikuwa imeshaanza kutengemaa. Nikinyamaza, atarudi kwenye dawa kwa kosa nililombebesha mtoto wa watu. Ameshasikia yule binti hayupo, kasema Ijumaa anakuja, ila kwa sharti nimpokee mimi mwenyewe na mlango tuufunge. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nikishaufunga ule mlango, nimwambie nini?