Waya wa Nyumba ya Susu

"Fundi, hiki kisanduku cha wifi ulituletea kibovu!" baba alifoka.

"Mzee, kule nyumba kubwa nimekijaribu, kinashika. Shida ni waya niliozika uani kuja huku kwa Susu. Nani amechimba?"

Fundi aliufuata waya mpaka ulipoingia kwenye kaburi jipya la babu. Tulilichimba wenyewe, na katika kilio cha siku ile waya ulikatika kimya.

Shangazi yuko Uarabuni, hakuruhusiwa kuja kumzika babake. Susu, mamake na nyanya yetu, ambaye magoti hayamfikishi tena nyumba kubwa, hajauona uso wa bintiye kwenye simu tangu mazishi.

"Nitapitisha mpya juu," fundi alisema. "Huu wa chini niung'oe."

Susu alikuwa ameketi mlangoni pake. "Uache hapo, mwanangu. Binti yangu, babake pia alitaka kumsikia."