Nliziba mlango wa jirani nipate jiko, nusra iwagharimu roho wapangaji wangu

Wakuu, amani kwenu. Hili limenikuta mwenyewe. Siongezi wala sipunguzi, hata pale nnapoonekana mjinga.

Mimi na dada yangu tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, ngazi moja tu ya mbao. Tuliigeuza fleti tukapangisha. Renovation nzima nkaisimamia mimi, nkajiona fundi wa mafundi.

Ukumbi wa juu ulikuwa na mlango wa kuingilia nyumba ya jirani. Zamani wanawake wakipita hapo kutembeleana bila kukanyaga njiani. Nkauziba kwa matofali, ukumbi nkaufanya jiko. Jirani mwenyewe, Bi. Mwanakhamis, sikumwambia hata neno. Akaninunia miaka.

(Msiojua, huku kuziba mlango ule ni sawa na kumwambia mtu usije tena kwangu.)

Siku moja akaja dada mmoja wa zimamoto kukagua. Akatazama mita za umeme chini ya ngazi, akatazama magodoro ya wapangaji yaliyorundikwa hapo hapo. "Pakiwaka hapa, wa juu anatokea wapi?"

Nkajibu eti wapangaji ni watu wazima, kila mtu ajiangalie.

"Ngazi hii ni ya mpangaji gani?"

Nkamwambia si ya mpangaji yeyote.

"Basi ni yako, na jukumu lako."

Juu anakaa Asha na mapacha wake wachanga. Na njia ya pili ya kutokea juu ilikuwa moja tu: mlango ule niliouziba.

Nkaenda kwa jirani. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Lahaula, aibu iliyonishika! Nkaomba radhi, na ruhusa ya kuufungua tena ule mlango.

"Mlango ule nkimpitishia bibi yako uji alipokuwa hajiwezi," akasema. "Haya, bomoa. Lakini watu wasinipitie ovyo, ndani mna wanawake."

Jiko nkalivunja. Tukatia mlango mzito, wa kusukuma bila ufunguo, na kengele ya moshi inayolia mpaka kwake. Magodoro nkayatoa. Mita, uvivu wangu, nkasema zitasubiri.

Hazikusubiri.

Mwezi uliofuata, asubuhi niko mtaa wa Amani, napigiwa simu: ngazi inawaka, moto umeanzia kwenye mita. Vespa niliiendesha vipi sijui. Nafika, zimamoto washauzima, ngazi ya chini yote makaa. Naita Asha! Asha! Nkataka kuingia ndani, wallahi, zimamoto wakanizuia.

Bi. Mwanakhamis akatoa kichwa dirishani. "Kelele za nini? Wako kwangu!"

Wa chini walitokea njiani, wa juu wote walipitia mlango ule. Nkawakuta sebuleni wanakunywa chai. Kijana mmoja moto ulimkuta anaoga, kakaa kajifunga kanga za mwenyeji. Mapacha wa Asha wamelala mapajani mwa kijana huyo huyo.

Nataka kushukuru, machozi yakanitangulia. Bi akanikata: "Ushawahesabu watu wako?"

Nkawahesabu mmoja mmoja. Wametimia.

"Haya, leo ndo umekuwa mwenye nyumba. Kaa unywe chai."

Wakuu, nlilojifunza: ukipangisha, ngazi, waya na njia ya kutokea ni vyako, usimtupie mpangaji. Na jirani mwombe radhi mapema.

Mita nshazihamisha, na wiki hii tunajenga ngazi mpya. Anayejua dawa ya kupaka mbao zisishike moto upesi anitajie hapa chini. Na wenye nyumba kama yangu, semeni mlivyofanya. Kunicheka pia ruksa.